Nahodha Anakula Wapi? Adabu za Chomboni na Mpango wa Chakula Katika Likizo ya Baharini

Siku ya kwanza ya likizo yetu ya baharini tulimkosea nahodha mara mbili, na makosa yenyewe yalikuwa kinyume. Mchana, tukiwa tumetia nanga karibu na kisiwa cha Hvar nchini Kroatia, tulipika tambi kwa samaki wa kopo, tukapakua sahani nane za watu wanane, tukala. Nahodha alikuwa amekaa peke yake omo, mbele kabisa ya chombo, anatafuna mkate aliokuja nao mfukoni. Hakuna aliyejiuliza. Kila mmoja wetu aliamini chakula chake kimo ndani ya malipo yake. Usiku, tulipofika mkahawani, ndipo shangazi aliposhtuka. "Mtu katuendesha mchana kutwa, halafu sisi tukae mezani yeye atuangalie?" Akamfuata, akamshika mkono, akamketisha katikati yetu. Nahodha alikula kwa adabu, akajibu maswali yote kuhusu mkewe na watoto wake, na kila baada ya dakika mbili aligeuza shingo kuitazama yoti yetu ya matanga iliyokuwa ikiyumba kwenye boya. Kesho yake alfajiri, wengine wakiwa bado wamelala, alinieleza kwa upole kwamba chakula cha mchana kilikuwa haki yake, na chakula cha usiku kilikuwa kazi.

Tangu hapo nimesafiri tena kwa namna hii, Kroatia, Uturuki na nyumbani Lamu, na ndugu wanaojiandaa kwa safari kama hizo huwa hawaniulizi habari za upepo wala za kuogelea. Wanauliza: mabaharia wanakula na sisi? Nani ananunua? Nani anaosha vyombo? Ni maswali mazuri, ila majibu wanayopata hugongana, kwa sababu kila anayejibu anazungumzia mkataba wake. Mmoja alipanda guleti, chombo kipana cha mbao cha Kituruki, yenye mpishi. Mwingine alikodi yoti ya futi 45 na nahodha mmoja. Wa tatu alikwenda Karibi kwenye katamarani, chombo chenye viwiliwili viwili vilivyounganishwa sambamba, inayoendeshwa na mume na mke. Wote watatu watakuambia "tulikuwa na mabaharia", na kila mmoja atakupa ushauri utakaomwaibisha mwenzake.

Mkataba kwanza, adabu baadaye

Tuanze na mpango unaowachanganya watu zaidi. Katika pwani za Kroatia na Ugiriki yoti nyingi hukodishwa tupu: unapewa chombo na wewe mwenyewe ndiye nahodha. Asiye na cheti cha unahodha anaongezewa mtu. Mkataba wa chombo unabaki vilevile, na huyo mtu ni nyongeza, analipwa kando, Kroatia kwa kawaida kama yuro 200 kwa siku, na juu ya hapo anastahili kitanda na chakula. Habari ya kitanda na chakula mara nyingi huwa ni mstari mmoja chini kabisa ya karatasi, na ndipo sisi tulipojikwaa. Kazi yake ni chombo: kukiendesha, kusoma hali ya hewa, kutia nanga, kufunga kamba bandarini, kuhakikisha mmerudi salama Ijumaa jioni, maana wiki za yoti huko huhesabiwa Jumamosi hadi Jumamosi. Kupika si kazi yake. Kuosha vyombo, kwenda sokoni, kutandika vitanda, kuwachunga watoto wakiogelea, hakuna hata kimoja kilicho juu yake. Akikusaidia kubeba mifuko ya sokoni, mshukuru, maana ni utu wake.

Mpango wa pili ni wa nahodha na mhudumu. Hapa kuna mtego: mhudumu na mpishi ni kazi mbili, na bei mbili. Mhudumu kwa kawaida huandaa kifungua kinywa na mlo mmoja mwepesi, husafisha sehemu mnazotumia wote, na hununua vitu kwa pesa zenu. Mpishi ndiye anayewasha jiko kwa kazi kweli. Familia inayomlipa mhudumu na kutarajia milo mitatu ya moto haifiki siku ya tatu bila manung'uniko, na anayenung'unikiwa hana kosa. Tena watu wawili ni vitanda viwili. Usidhani nahodha mwanamume na mhudumu mwanamke watalala chumba kimoja kwa sababu tu wote ni wafanyakazi. Baadhi ya yoti zina kijichumba cha baharia omo kabisa, kidogo kama kabati, unaingia kwa kushuka kupitia tundu la sitaha. Nyingine hazina, na yoti ya vyumba vinne ikichukua mabaharia wawili, wageni wanaweza kubakiwa na viwili. Hesabu hii ifanywe mezani nyumbani, kabla ya kulipa arubuni, maana ukiifanya gatini huku mabegi yameshashushwa, lazima mtu ataumia.

Mpango wa tatu ni wa chombo chenye watu wake kamili, ambamo chakula, vitanda vya mabaharia na ratiba yao vimepangwa na mwenye chombo. Huko nitafika.

Sahani moja zaidi

Katika mpango wa kwanza na wa pili kanuni ni rahisi: hesabu midomo yenu, ongeza ya mabaharia, ndipo uende sokoni. Mkiwa wanane na nahodha, mnanunua vya watu tisa: mayai, mkate, kahawa, maji ya kunywa, matunda. Muulize mapema asichokula. Sababu ni ya kimaumbile tu. Chombo kina jiko moja na friji moja, nahodha hawezi kuondoka kwenda kutafuta chakula chake mkiwa mmetia nanga kwenye ghuba isiyo na duka, na hawezi kuanza kukaanga yai lake wakati ninyi mnalihitaji jiko hilohilo. Ndiyo maana desturi imekaa hivyo, na ndiyo maana ule mkate wa mfukoni niliouona siku ya kwanza bado unaniuma.

Muda wake wa kula haufanani na wenu. Pwani ya Adria, bahari ya Kroatia, wakati wa kiangazi huvuma upepo wanaouita maestral, unaoamka kadiri jua linavyopanda na kulala jua linapozama. Nahodha anayetaka kuwavusha kabla haujapamba moto huamka mapema, anakunywa kahawa yake amesimama, na chakula cha mchana atakula baada ya nanga kushika chini, wakati mwingine saa nzima baada yenu. Mwachie sahani iliyofunikwa. Msimpigie kelele aje "chakula kinapoa" wakati anahangaika na mnyororo wa nanga. Wala msimpelekee sahani mkononi akiwa katika bandari nyembamba, kwa nia njema mliyonayo.

Kwa mlo wa usiku nchi kavu mambo yana ufundi zaidi. Visiwani Kroatia mikahawa mingi ya kienyeji, konoba, ina maboya au gati lake. Ukila kwao, unafunga chombo bure usiku kucha. Nahodha hupiga simu mchana kuweka nafasi, na papo hapo huuliza kama mtataka peka. Hiki ni chakula kinachotaka saa kadhaa: pweza au nyama ya kondoo, viazi, vitunguu na mafuta ya zeituni hupangwa kwenye sinia la chuma, likafunikwa kwa kawa zito la chuma, kisha makaa ya moto yakapaliliwa juu ya kawa. Sisi watu wa pwani tunaujua moto wa juu na chini, mkate wa kumimina umetufundisha. Lakini kuona pweza mzima akiivishwa hivyo, anatoka na ngozi iliyokauka kidogo na nyama laini ndani, viazi vimekunywa mchuzi wote, kulinifanya ninyamaze. Sasa, kwa sababu chakula hiki hakiagizwi ukishakaa mezani, uamuzi wa mnakula wapi na nini unatakiwa kutolewa kabla ya adhuhuri. Mkibadili nia saa 12 jioni, aliyetoa ahadi kwa simu ni nahodha, na wiki ijayo atarudi kwenye ghuba hiyohiyo na wageni wengine.

Mara nyingi mkahawa wa namna hii humlisha nahodha bila malipo, kwa kuwa ndiye aliyeleta wateja, na humtengea meza ya pembeni pamoja na manahodha wengine. Mgeni anaweza kuona ametengwa. Hajatengwa. Meza ile ndipo wanapoambiana ghuba gani nanga haishiki vizuri, nani kaona mawingu gani, gati lipi limejaa. Anayekaa hapo anakula, anapumzika na anafanya kazi ya kesho kwa mpigo mmoja. Pale ambapo mkahawa haumlishi, nyinyi ndio mnaolipa, ama kwa kumweka kwenye bili yenu, ama kwa kumpa pesa za mlo ajitegemee jioni hiyo. Uliza waziwazi. Na kama hamtaki kwenda anapopendekeza, semeni, muulizeni sehemu nyingine za kulala chombo na gharama yake. Nahodha mwaminifu atawaonyesha zote, pamoja na ile ya kutia nanga mbali na kupika wenyewe.

Kuna usiku ambao hatatoka kabisa. Upepo wa bura hushuka ghafla kutoka milimani upande wa kaskazini-mashariki, na nahodha asiyeiamini nanga yake hataiacha. Mtakwenda pwani kwa boti ndogo ya mpira, yeye abaki. Hapo mwachieni chakula cha kueleweka, au mrudi nacho kimefungwa. Msiketi kumsihi.

Karibu ni neno zuri, na lina uzito

Hapa ndipo malezi yetu yanapogongana na desturi ya baharini, na ningependa kukaa hapa kidogo. Kwetu mtu akikukuta unakula unamwambia karibu. Kula huku mwenzako anatazama ni aibu isiyofutika. Shangazi hakukosea kimoyo. Alichokosa kujua ni kwamba kwa baharia kukaa mezani na wageni ni kuendelea na zamu: anatabasamu, anajibu, anachagua maneno, hawezi kunyoosha miguu wala kupiga simu kwake. Anaishi kazini wiki nzima. Nyumba yake ya wiki ni kitanda kimoja na saa chache ambazo hakuna anayemwita.

Dunia imelitambua jambo hili hata kwa sheria. Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unasema baharia apate mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Saa hizo 10 zinaweza kukatwa vipande viwili tu, na kimoja kisipungue saa 6 mfululizo. Kipimo hicho ukikichukua kama busara, bila kujali chombo chenu kinaguswa na sheria hiyo au la, kinakupa picha kamili: nahodha aliyeamka saa 11 alfajiri na kuketishwa mezani hadi saa 5 usiku ameshapoteza mapumziko yake, na kesho yake yeye ndiye atakayewapitisha baina ya miamba. Na jambo la kututazamisha sisi: mkataba huohuo umeviacha nje vyombo vya kijadi, na umevitaja kwa aina, majahazi yakiwemo. Baharia wa Lamu hana karatasi hiyo ya kumlinda. Ana huruma ya nahodha wake na ya mgeni wake.

Nilichojifunza kufanya ni kumwambia neno mara moja tu, jioni ya kwanza, wote tukisikia: "Chakula chetu ni chako. Mezani una nafasi kila mlo, na siku usiyokuja hatutauliza kwa nini." Kisha tunanyamaza. Nahodha wa safari yetu ya pili alikuja mezani mara tatu katika wiki, kila mara mwenyewe, na mara moja alikuja na gitaa. Mwaliko alioachiwa nafasi ya kuukataa ndio alioufurahia.

Guleti na meza ya tezi

Uturuki hadithi ni nyingine, na ndiko kwenye ule mpango wa tatu. Guleti ni chombo kipana cha mbao chenye milingoti miwili kwa kawaida, kimezaliwa katika pwani ya Bodrum na Marmaris, wavuvi wa sponji na wachukuzi wakikitumia kabla ya watalii. Safari zake za starehe, wanazoziita safari za bluu, zina baba yake: Cevat Şakir Kabaağaçlı, mwandishi aliyehukumiwa kuishi uhamishoni Bodrum mwaka 1925, akapapenda, akajiita Mvuvi wa Halikarnas, jina la kale la Bodrum, na baadaye akawa anawachukua rafiki zake wasomi na wasanii kwenye vyombo vya wavuvi kuzunguka ghuba za huko. Wakati huo walikula walichovua na mkate mkavu. Leo chombo kina kapteni, mpishi na baharia mmoja au wawili, na chakula kimepangwa: kifungua kinywa cha jibini, zeituni, nyanya, matango, mayai, asali na chai, mlo wa mchana baada ya kuogelea, chai na keki alasiri, mlo wa usiku.

Hapa hununui wala hupiki wala huoshi. Meza kubwa ya wageni iko tezi, yaani nyuma ya chombo, chini ya turubai la kivuli, na mabaharia hula baada yenu, omo au karibu na jiko. Usione vibaya, na usiwaite. Mpangilio huo ndio unaowapa nafasi yao wenyewe kwenye chombo ambacho sehemu nyingine zote ni zenu. Jiko ni la mpishi. Hata kama umepika pilau la harusi za watu 300, usiingie kuonja wala kuongeza chumvi. Subiri mezani, na sahani zikiisha mwambie *elinize sağlık*, yaani mikono yako iwe na afya. Hakuna sifa inayompendeza mpishi wa Kituruki kuliko hiyo, na ni maneno mawili tu.

Kitu kinacholeta ubishi kwenye guleti ni vinywaji. Bei ya chakula mara nyingi haijumuishi vinywaji, hata soda na maji ya chupa wakati mwingine. Hununuliwa chomboni na kuandikwa daftarini, kila mtu au kila chumba na ukurasa wake. Kupanda na kreti zako za soda bila kuuliza ni kama kuingia mgahawani na chai yako ya chupa. Uliza kabla.

Kwenye katamarani za Karibi, hasa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, mabaharia mara nyingi ni wawili tu, nahodha na mpishi, na wengi ni wanandoa. Kwa kuwa chombo ni kidogo na wao wanakijua kama sebule yao, wengine hukaa mezani na wageni siku zote, wengine kamwe. Fomu ya mapendeleo mnayojaza kabla ya safari mara nyingi huuliza mnapenda ipi. Jibuni kwa dhati. Na kwenye yoti kubwa za Mediterania mnalipa pia fungu la matumizi, linalojulikana kwa kifupi APA, kwa kawaida kati ya asilimia 25 na 35 ya bei ya kukodi, ambalo kapteni hulitumia kwa mafuta, chakula, vinywaji na ada za bandari, akaweka hesabu, na baki likarudi kwenu. Huko mabaharia wana chumba chao cha kulia na swali letu halizuki.

Kwa wanaochunga halali

Sehemu hii sijaiona ikiandikwa vya kutosha kwa ajili yetu, na fomu za mapendeleo mara nyingi zina kisanduku cha "asiyekula nyama" na cha "mzio" tu. Usitosheke na kuandika "halali". Mpishi wa Dalmatia, pwani ya Kroatia, anaweza kuelewa kwamba hutaki nguruwe, akaondoa pršut, ile nyama ya paja la nguruwe iliyokaushwa wanayoikata nyembamba na kuikaribisha kwayo kila meza, kisha akakupikia pweza kwa divai nyeupe kwa moyo mkunjufu kabisa. Peka mara nyingi hutiwa divai. Wali mweusi wa wino wa ngisi, vivyo hivyo. Andika kwa urefu: hakuna nguruwe, hakuna mafuta yake, hakuna divai wala pombe katika kupika, jelatini iwe ya ng'ombe aliyechinjwa halali au isiwepo kabisa, kikaango kioshwe. Ukiona nyama inaleta utata, sema wiki nzima mtakula samaki, mayai na mboga. Adria ina samaki wa kuwatosha, na mpishi atashusha pumzi kwa kuwa sasa anajua pa kusimama. Uturuki mzigo ni mwepesi zaidi upande wa nyama, lakini la pombe liseme pia.

Swali gumu ni kama unaweza kuwataka mabaharia wenyewe wasile nguruwe au wasinywe bia chomboni. Maoni yangu ni kwamba unaweza kuomba, mapema, kabla ya mkataba kutiwa sahihi, na wengi watakubali bila shida kwa wiki moja. Kulizua jambo hilo siku ya pili, baada ya kukuta kopo la nyama la nahodha kwenye friji, ni kumvamia mtu nyumbani kwake. Kwetu tulilimaliza kwa kumpa rafu yake.

Jikoni chombo kikiinama

Adabu nyingine ndogondogo zinatokana na jinsi chombo kilivyo, na ukiijua sababu huzisahau. Viatu vinavuliwa kwa sababu kijiwe kimoja kwenye soli kinakwaruza sitaha ya mbao. Friji inakula betri, kwa hiyo kila anayeufungua mlango na kusimama akiwaza anywe nini anapunguza umeme wa usiku. Maji ya tangi, kwenye yoti ya futi 45, ni lita mia chache kwa watu wote, kwa kuoga na kupikia. Sisi tuliosha vyombo kwa maji ya bahari kwenye ngazi ya tezi, tukasuuza kwa maji kidogo ya tangi. Choo kina mrija mwembamba na pampu, karatasi haitiwi humo. Ikiziba, mmoja tu ataingiza mkono humo, na ni yuleyule mnayemwita nahodha.

Jiko la yoti limetundikwa kwenye pini mbili za ubavuni, libembee chombo kinapoinama ili sufuria ibaki sawa. Ni jambo zuri kulitazama: chombo kizima kimelala upande, na supu imetulia kama iko nyumbani. Lakini anayesimama mbele yake wakati wa kuinama anasimama mahali supu itakapomwagikia. Nahodha akisema zimeni moto, tunageuza tanga, moto unazimwa hapo hapo, hata kitunguu kikiwa kimeanza kunukia. Akisema tunahama ghuba hii na chakula kiko mezani, chakula kinafunikwa. Wazee walishasema nahodha wengi chombo huenda mrama, nao walikuwa wanazungumza habari za chombo kweli kabla ya wanasiasa kulichukua neno hilo.

Kuhusu bakshishi nitasema kwa ufupi. Kwenye yoti za mikataba ya Mediterania mwongozo wa madalali ni asilimia 5 hadi 15 ya bei ya kukodi. Karibi hupanda hadi 15 au 20. Kwa guleti mnaweka kwenye bahasha moja, mnampa kapteni, naye anagawa. Kwa nahodha wa peke yake mnampa mkononi, siku ya mwisho. Chakula mlichomlisha hakihesabiwi humo.

Na Lamu? Karatasi hakuna. Unapatana na nahodha ukutani mbele ya bahari, na kwa sababu hakuna karatasi, maswali yaleyale yanatakiwa kuulizwa kwa mdomo: bei hii ina chakula, ina maji ya kunywa, ina makaa, na tusipopata samaki tutakula nini? Kwa safari ya siku moja ya Manda mambo ni mepesi. Kwa safari ya Kiwayu, ya siku kadhaa, uliza zaidi, maana chakula hufuata maji: penye maji machache chombo hakipiti maji yakikupwa, na mkichelewa mtangoja hapo hadi yajae, njaa au shibe.

Katika jahazi nililosafiri nalo kwenda huko, jiko lilikuwa sanduku la mbao lililojaa mchanga, makaa juu yake, sufuria ya wali wa nazi imekingwa upepo kwa kipande cha bati. Kijana mpishi alipoufunua wali, sote tulisogea kulizunguka sinia, wageni na mabaharia. Yeye hakutupakulia. Alichukua sahani ya bati, akaweka wali, akaweka kipande cha changu cha upande wa tumbo, akakamulia ndimu, akaipeleka tezi kwa aliyeshika usukani. Mzee akaipokea kwa mkono wa kulia, mguu ukabaki kwenye kana, ule mkono wa usukani, akala huku macho yako kwenye tanga. Ndipo kijana akarudi, akatuambia bismillahi.